Mzee Aliyeficha Mbegu

Mimi shule niliishia darasa la nne, na hilo sifichi. Wenzangu walioendelea mbele, wengine leo wananiomba lifti ya kwenda Songea, nami nawapa, tena nawaketisha mbele na dereva. Nina mashine mbili za kukoboa na kusaga, nina duka Mbinga mjini, nina lori linaloteremka ziwani kila wiki na kupanda limejaa. Nyumba yangu nimeijenga mwenyewe, hakuna mjomba wala benki iliyonisaidia. Nayasema haya ili ujue anayekusimulia si mtu wa kulialia. Nimebishana na madalali, na madereva, na mabwana wa ushuru, na wote nimewashinda kwa maneno. Ila kuna ubishi mmoja sijaushinda hadi leo, na ulianzia kwenye mchezo wa kuigiza, uwanjani, nje ya kanisa la Mapera.

Ilikuwa miaka ile soko huria lilipopamba moto. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wanapanda milimani na magari yao, kila mmoja na mizani yake. Mitumba ilifika hadi Kitura, ukakuta mzee anapalilia amevaa koti la mtu wa harusi. Mimi nilikuwa kijana wa ufukweni, nimezaliwa nasikia ziwa, na biashara yangu ilikuwa baiskeli. Nanunua usipa mkavu kwetu, hao dagaa wadogo wa Ziwa Nyasa, nafunga magunia mawili nyuma, naanza safari. Kupanda unaisukuma baiskeli, kushuka yenyewe inakusukuma. Nikifika Tingi nalala, kesho yake naendelea hadi Mapera kwenye gulio. Hakuna kijana wa rika langu aliyeweza kupanda na magunia mawili. Walijaribu, wakaishia njiani wamekaa juu ya jiwe.

Pale gulioni kulikuwa na binti wa mkulima mmoja wa kahawa. Alikuwa mnunuzi mgumu kuliko wote. Anachambua usipa mmoja mmoja kama anachagua kito, akikuta aliyevunjika kichwa anamrudisha.

"Huyu hana kichwa," anasema.

"Dada, unampika kichwa au mwili?"

"Mimi namnunua mzima. Wewe kichwa chake umempelekea nani?"

Nikajikuta nawapanga usipa wazima juu kwa ajili yake. Ukiona mfanyabiashara ameanza kupanga dagaa kwa vichwa, ujue amekwisha. Baada ya misimu miwili tukawa tumeelewana, nikatuma mshenga, na baba yake akajibu kwamba nije siku ya sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, nile nao, anione. Mimi ni Mwanglikana, wao ni Wakatoliki wa enzi na enzi, kwa hiyo nilijua si jambo jepesi. Nilivaa shati jeupe la mtumba nililolipiga pasi ya mkaa hadi likang'aa.

Baada ya misa, vijana wa kwaya walicheza mchezo wao walioutunga wenyewe. Habari yake ilikuwa hivi. Zamani ilikuja njaa milimani. Mzee mmoja wa ukoo alikuwa na maharage ya mbegu, akayachanganya na majivu, akayafukia chini ya kitanda chake asimwambie mtu, hata mkewe. Watu wakala mizizi. Mtoto wake wa mwisho akafa kwa njaa mikononi mwa mama yake, na baba amekaa pale pale, juu ya kitanda kile. Mvua ziliponyesha, mzee akafukua mbegu akaigawa kwa nyumba zote. Wakapanda, wakavuna, ukoo ukapona. Lakini mkewe alipojua mbegu ilikuwepo siku zote zile mtoto akilia, alimtazama tu mumewe, akaondoka. Mzee naye akaingia msituni, hakuonekana tena. Mchezo ukaishia hapo. Mwalimu wa kwaya hakusimama kutueleza mafundisho kama ilivyo kawaida. Watu wakabaki wamekaa kwenye nyasi wanatazamana.

Wamatengo, wenyeji wa milima ile, wana kitu wanakiita sengu. Wanaume wa ukoo mmoja wanakula pamoja kwa mzee wao, kila nyumba inaleta chakula chake, na wakishanawa mikono ndipo yanazungumzwa mambo yote, shamba, ugomvi, posa. Mchana ule nilikaribishwa sengu ya baba wa yule binti. Nikala ugali wa mahindi na maharage, nikala kwa adabu, nasubiri kusikia habari yangu. Habari yangu haikutajwa. Ulitajwa mchezo.

"Mzee yule ni shujaa," alisema baba mwenye nyumba. "Bila yeye sisi tusingekuwepo hapa."

"Shujaa gani, kaka," akasema mdogo wake, mtu mfupi mwenye sauti kubwa. "Amekalia chakula mwanawe anakufa."

"Hakukalia chakula. Alikalia mbegu."

"Tumboni kuna tofauti?"

Wakacheka, wakabishana kwa Kimatengo, wakarudi kwenye Kiswahili kwa heshima yangu. Vijana wawili walikuwa upande wa mzee, mmoja alikuwa upande wa mama. Halafu baba akanigeukia.

"Na mgeni wetu wa ziwani anasemaje?"

Mtu mwenye akili angesema, baba, mimi ni mgeni, nasikiliza. Lakini mimi toka zamani mdomo wangu unatangulia.

"Baba, mimi kwa maoni yangu yule ni mwovu. Ni muuaji kama muuaji mwingine. Tofauti ni kwamba mwingine anatumia panga."

Yule baba mdogo akapiga mapaja. "Ninyi watu wa ziwani mnajua nini habari ya mbegu? Samaki alipandwa na nani?"

"Hapandwi, baba mdogo. Ndiyo maana kwetu hakuna mtoto aliyefichiwa samaki chini ya kitanda."

Hapo walicheka wote, nikajiona nimeshinda. Baba mwenye nyumba hakucheka.

"Haya. Wangekula ile mbegu," akasema. "Mvua ikinyesha wangepanda nini?"

"Wangeomba kwa jirani."

"Jirani naye amekula."

"Wangeenda mbali zaidi, baba. Dunia ni kubwa."

"Umeyasema hayo ukiwa umekula ugali wangu na maharage yangu." Akasogeza bakuli pembeni. "Mimi sikukatalii binti. Wala sikukubalii. Nitakupa debe moja la maharage ya mbegu, ukae nayo huko kwenu. Mwezi wa tatu, wanawake wakianza kuchimba ngoro, uilete. Ikirudi, tutaongea habari ya binti. Isiporudi, usinipandishie posa tena. Dagaa wako tutanunua kama kawaida."

Kama hujafika milima ile, ngoro ni yale mashimo ya mraba yanayofunika mteremko mzima ukadhani mtu ameutandika wavu. Wanaume wanakata majani na kuyalaza, wanawake wanafukia udongo juu yake, na pale juu wanapanda maharage. Mbegu ni kitu cha wanawake. Kwa hiyo aliyenipimia ni mama yake binti. Alisawazisha debe kwa kiganja, akachanganya na majivu, akanifungia kwenye gunia. Binti alisimama mlangoni mwa jiko. Sikuruhusiwa kuongea naye, lakini aliniangalia kwa namna ambayo ningebeba hata madebe kumi.

Niliteremka na lile gunia nikiimba. Nilijua wananipima kama mimi ni mwaminifu au mwizi, na mwizi sikuwa. Debe moja la maharage, nikasema moyoni, mtihani gani huu wa kitoto.

Wakati ule niliishi kwa kaka yangu, kwenye nyumba ya udongo umbali wa kutupa jiwe kutoka majini. Yeye alikuwa mvuvi, mtu wa maneno machache. Mkewe ndiye aliyenilea tangu mama yetu alipofariki. Namwita shemeji, lakini ugali wake ndio ulionikuza. Walikuwa na watoto watano. Nilimpa shemeji gunia alining'inize jikoni juu ya moshi wadudu wasiingie, nikamweleza ni la nini, akacheka hadi akakaa chini.

"Kwa hiyo humu ndani kuna mke mwenzangu," akasema.

"Mtunze vizuri, shemeji."

"Nitamtunza. Asubuhi nitamwamkia."

Kweli akawa anaamkia lile gunia kila akiwasha moto, "umeamkaje, dada wa milimani," na watoto wanacheka. Hayo ndiyo ninayoyakumbuka nikiwa peke yangu kwenye gari, ule moshi, kicheko cha shemeji, na watoto wanagombania kichwa cha samaki mbasa. Nimekula kwenye mahoteli baada ya hapo. Sijawahi kula mahali palipochangamka kama jiko lile.

Mwaka ulipogeuka mambo yakaharibika. Mihogo ilioza ikiwa bado ardhini. Unang'oa shina, unakuta mizizi imekuwa kahawia ndani, inanuka. Kijiji kizima hivyo. Na usipa, ambao ungetuokoa, ulikuwa na wenyewe. Walikuja wafanyabiashara na magari ya pikapu, wanapaki pale pale mchangani na kuchukua mzigo wote mtumbwini kabla haujakauka. Mtu wa baiskeli kama mimi nilibaki nimeshika kamba mkononi. Kaka alikuwa anavulia mtumbwi wa mtu mwingine, analeta nyumbani mgao wake, na mgao wenyewe siku nyingi ulikuwa samaki watatu. Watu saba, na mimi wa nane.

Mwezi wa kwanza tulikula mara moja kwa siku. Mwezi wa pili shemeji aliacha kuliamkia gunia. Siku moja, jua limepanda, alisimama jikoni akilitazama.

"Shemeji," akasema, "nipe kibaba kimoja tu. Nikiyachemsha na majani ya kisamvu yanatosha siku mbili."

"Hayo si maharage, shemeji. Hayo ni mke wangu."

Nilidhani atacheka kama mwanzo. Akaniuliza, "Na hawa ni nani?"

Watoto walikuwa wamekaa ukutani kwenye kivuli. Walikuwa wameacha kucheza wiki nzima. Yule mdogo, wa kike, miguu ilikuwa imeanza kuvimba, ukiibonyeza kidole kinaacha shimo.

Nitakuambia nilichofanya, maana si desturi yangu kusema uongo kuhusu maisha yangu, hata pale yanaponiaibisha. Nilishusha gunia, nikaliingiza kwenye sanduku langu la bati, nikafunga kufuli. Ufunguo nikauvaa shingoni. Jioni kaka aliporudi shemeji alimweleza yote mbele yangu. Kaka alinitazama, akatazama sanduku.

"Mdogo wangu," akasema, "mimi sitakuomba."

Ni hayo tu. Afadhali angenipiga. Kaka yangu angeweza kulivunja sanduku lile kwa teke moja na nisingefanya kitu. Hakuligusa. Alichukua kasia, akatoka kwenda kuomba mtumbwi mwingine.

Mimi nilihangaika, usidhani nilikaa tu. Nilibeba mbao, nilichimba choo cha mtu, nilitembea hadi Mbamba Bay kutafuta kibarua, nikipata unga kidogo nakimbia nao nyumbani. Ubishi wangu wa sengu ulinifuata kila hatua. Nilikuwa nikijisemea, yule mzee alikuwa mwovu kwa sababu mtoto alikufa, huyu wetu hatakufa. Halafu nilijiuliza, na akifa? Nilihesabu siku za mwezi wa tatu kwa vidole. Nilimwona yule binti mlangoni mwa jiko, namwona mtoto ukutani, na ufunguo unanigonga kifuani nikitembea. Kuna siku niliutoa, nikaingiza kwenye kufuli, nikazungusha. Nikazungusha tena, nikafunga. Wanaosema mimi ni mtu mwenye msimamo hawajui msimamo huo niliununua wapi.

Mtoto hakufa. Kaka alimbeba mgongoni hadi hospitali ya misheni, akapewa maziwa, akalazwa. Walipoanza kuona miguu inapungua, mwezi wa tatu ukawa umeingia. Nilifunga gunia kwenye baiskeli alfajiri nikaondoka. Shemeji alikuwa uani anafagia. Nilimuaga, hakuitika. Alifagia hadi nilipopita, kisha akafagia na pale nilipokanyaga.

Nilifika Mapera nimekonda, nguo inanining'inia kama imetundikwa kwenye kigingi. Wanawake walikuwa mlimani wamejipanga wanachimba, vumbi jekundu limewajaa. Baba aliitwa, mama akateremka na jembe mkononi. Nikasalimia, shikamoo baba, shikamoo mama, nikaweka gunia chini. Mama alimimina maharage kwenye debe lile lile. Yakajaa, akasawazisha kwa kiganja, hayakupungua hata ya kujaza kijiko. Yule baba mdogo mwenye sauti kubwa alipiga mluzi.

Baba akanitazama mashavu.

"Kwenu kuna njaa," akasema.

"Ipo, baba."

"Tangu lini?"

Nikaeleza. Mihogo, pikapu, watoto, miguu ya mtoto, sanduku. Nilieleza kwa kujivuna kidogo, sikatai, kama askari anayesimulia vita. Nilitegemea anipe mkono. Wakaanza kusemeshana kwa Kimatengo, na mama akaweka jembe chini.

"Mwanangu," mama akasema, "kwa nini hukuja?"

"Kuja wapi, mama?"

"Hapa. Mtu aliyekaa na mbegu ya nyumba ni mtu wa nyumba. Akiishiwa, anakuja kula pale alipochukua mbegu. Hata mtoto wa hapa anajua. Mahindi yalikuwepo darini, siku zote hizo."

Nikamtazama baba. Yeye alikuwa ametazama chini.

"Nilidhani unajua," akasema. "Mbegu tunampa mtu ili tumfunge kwetu. Nilikuwa napima kama utakuja. Mtu wa kiburi haji."

Nimepata hasara nyingi kwenye maisha yangu. Lori langu la kwanza liliungua kwenye mlima nikiliona. Hakuna hasara iliyonipiga kama maneno yale. Miezi miwili. Mwendo wa siku mbili kwa baiskeli na mahindi yamekaa darini, mimi nimekalia sanduku nikidhani nafanya ushujaa.

"Sasa niambie," baba akasema taratibu. "Yule mzee wa kwenye mchezo. Bado ni mwovu?"

"Bado, baba."

"Na wewe?"

"Na mimi pia."

Baba akakaa kwenye jiwe. Akasema yeye hakubaliani nami, wala hatakubaliana, kwamba mtu aliyetunza mbegu hawezi kuwa mwovu hata akikosea njia. Akasema, lakini mtu anayeweza kujihukumu mbele ya wakwe anaweza kukaa na binti yake, kwa sababu watagombana na huyo mtu atajua kosa lake. Ndivyo nilivyopewa mke. Sikucheza wala kushangilia. Mama alikuwa ameshachukua nusu ya lile debe, si ya kupanda bali ya kupika, akaongeza mahindi, akaniambia nigeuze baiskeli leo hii hii, nisingoje kesho.

Niliteremka usiku na mchana. Shemeji alipokea mzigo, akapika, watoto wakala hadi wakalala palepale. Kaka aliniwekea mkono begani. Tuliendelea kuishi. Kwenye harusi yangu Mapera kaka alikuja, akacheza hadi kiatu kikafunguka. Shemeji alituma salamu kwamba anaangalia watoto.

Siku hizi mimi na mke wangu tunabishana bado. Yeye amefuata baba yake, anasema mzee yule ni shujaa, alibeba peke yake kitu ambacho hakuna aliyetaka kukibeba. Mimi nasema ni mwovu, maana kukibeba peke yake ndiyo kosa lenyewe. Angemwambia mkewe tu, wangelia wawili, huenda wangeamua vilevile, huenda wasingeamua. Tunabishana tukichambua maharage, tukiwa garini, wakati mwingine hata wageni wakiwepo. Watoto wetu wamechoka. Mkwe wangu aliondoka duniani bado anasema ni shujaa, na nilimlilia kama baba yangu mzazi.

Yule mtoto wa miguu iliyovimba nimemsomesha hadi chuo cha ualimu. Nasema nimemsomesha mimi, kila kitu, kuanzia daftari hadi sare. Paa la kaka ni bati langu. Sijawahi kushuka ziwani mikono mitupu.

Mwaka juzi, baada ya kaka kufariki na matanga kumalizika, nilibaki na shemeji uani. Amekuwa bibi sasa, macho hayaoni vizuri. Nilikuwa nimekaa na lile jambo miaka yote hiyo, nikaona nisipouliza leo sitauliza. Nikamsimulia mchezo wote wa Mapera toka mwanzo, mzee, mbegu, majivu, kitanda, mtoto, mke aliyeondoka. Nikausimulia vizuri, mimi kusimulia najua. Halafu nikamuuliza, "Shemeji, wewe unasemaje? Yule mzee ni mwovu?"

Alikuwa ananipakulia ugali. Aliendelea kupakua, akaweka samaki, akaniongezea na kipande cha pili kama alivyokuwa akiniongezea nilipokuwa mtoto.

"Mchezo huo mimi sikuuona," akasema. "Kula, kinapoa."